Mwewe namwona, bakteria simwoni: nani anamaliza vifaranga wangu?

"Daktari, habari za kazi. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Singida. Msimu uliopita mwewe alinichukulia vifaranga tisa. Nikauza mbuzi, nikajenga banda la wavu, na sasa mwewe anazunguka juu tu. Nikadhani nimepona. Msimu huu kuku wangu watatu wameangua vifaranga 31, na 19 wamekufa kabla ya kufikisha wiki tatu. Wanajikunyata, wanafumba macho, mabawa yanashuka, na nyuma kumeganda mavi meupe pe. Kuku wakubwa wako salama. Duka la dawa wameniambia ni bakteria, nichanganye unga wa antibayotiki kwenye maji kila Jumatatu hata kwa walio wazima, eti iwe kinga. Mwanangu wa kidato cha pili anasema bakteria ni kiumbe wa chini kabisa, ana seli moja tu. Sasa najiuliza: kiumbe wa chini kabisa, hana jicho wala kucha, anawezaje kunitia hasara kuliko mwewe? Au mwewe ndiye anayeleta ugonjwa wenyewe? Jirani yangu kuku wake wakifa anawatupa jalalani na mwewe anakula pale. Na hiyo dawa ya kila Jumatatu, niendelee nayo?"

Pole sana, ndugu yangu. Vifaranga 19 kati ya 31 si hasara ndogo, na inauma zaidi pale ambapo mtu ameshauza mbuzi akajenga. Nikujibu kwanza kwa ufupi ili usisubiri: dawa ya kila Jumatatu iache. Mwewe si mtuhumiwa mkuu wa vifo hivi. Na mwanao amesoma vizuri kuhusu ile seli moja, ila hilo neno "wa chini" linaweza kukupotosha wewe mfugaji. Sasa tuzungumze kwa nafasi.

Kabla sijamtia bakteria hatiani, tutazame ushahidi, maana kuna jambo moja huwachanganya wafugaji wengi. Weupe kwenye mavi ya kuku peke yake si ugonjwa. Ndege hana njia ya mkojo peke yake. Taka za mkojo wake hutoka pamoja na mavi zikiwa uji mweupe mzito. Kwa hiyo kuku mzima kabisa ana weupe kwenye kinyesi. Tena kifaranga aliyepigwa na baridi, au aliyekosa maji kwa muda, anaweza kuganda mavi nyuma bila kuwa na ugonjwa wa kuambukiza wowote. Katika siku zake za mwanzo kifaranga hawezi kujitunzia joto la mwili. Kama lile banda lako la wavu linapitisha upepo wa usiku wa Singida, hiyo nayo ni sababu ya kuchunguza.

Lakini ukiniambia ni vifaranga wa kuku watatu tofauti, wamekufa wengi kabla ya wiki tatu, wakiwa wamejikunyata na mabawa yameshuka, huku wazazi wakiwa wazima, nafikiria mharo mweupe. Ugonjwa huo unaletwa na aina ya bakteria wa salmonela ambayo wataalamu huiita Salmonella Pullorum. Mmarekani Leo Rettger aliueleza kitaalamu mwaka 1900, na kwa miaka mingi uliwatesa sana watotoleshaji wa huko kwao. Nasema nafikiria, sisemi nina hakika. Hakika inapatikana maabara, na nitakuelekeza namna ya kuipata.

Tuchukulie kwa sasa kwamba ni yeye. Tumpime na mwewe.

Mwewe tunayemwona vijijini ana uzito kati ya nusu kilo na kilo moja. Salmonela mmoja ni kijiti chenye urefu wa kama mikroni mbili hadi tano; ukipanga elfu moja mstari mmoja, kichwa kwa mkia, unapata kitu cha milimita chache tu. Ili upate uzito wa mwewe mmoja ungehitaji salmonela trilioni mia kadhaa. Kwa kipimo hicho hakuna mashindano. Mwewe ana macho ya kumwona kifaranga kutoka angani, ana moyo, mapafu, ubongo unaokumbuka nyumba ipi vifaranga wanaachwa wazi. Salmonela hana hata kimoja kati ya hivyo.

Hata hivyo anakula. Anapumua kwa namna yake. Anatoa taka, anahisi mazingira yake, anajirekebisha yakibadilika, na anazaa. Ana jeni, yaani maelekezo ya urithi ndani ya seli, kama elfu nne na nusu, zilizoandikwa kwa kemia ileile iliyoandika jeni za mwewe, za kuku wako, na zangu mimi na wewe. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Wanafundishwa viumbe kuanzia bakteria, kisha amiba, minyoo, samaki, ndege, mwisho binadamu, nao wanatoka darasani wakidhani hizo ni ngazi za kupanda, bakteria kabaki chini kwa kushindwa. Si hivyo. Bakteria wa leo si babu wa mwewe. Wote wawili wana asili moja ya zamani mno, na tangu hapo kila ukoo umeendelea kubadilika kwa muda uleule, kila mmoja kwa kazi yake. Bakteria wamekuwepo duniani kwa zaidi ya miaka bilioni 3.5. Ndege wana kama miaka milioni 150. Mwambie kijana wako seli moja maana yake ni umbo rahisi, haimaanishi udhaifu.

Kwa mfugaji, tofauti kubwa kati yao iko kwenye uzazi kuliko kwenye ukubwa.

Mwewe hutaga mayai mawili, pengine matatu, kwa mwaka. Anaatamia mwezi na zaidi, kisha makinda yanakaa kiotani zaidi ya mwezi mwingine, na kinda likishatoka linahitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa lenyewe. Salmonela akipata chakula cha kutosha na joto zuri anaweza kugawanyika kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hadi 30. Chukua dakika 20. Mmoja anakuwa wawili, wanne, wanane: hao wanane ni baada ya saa moja. Saa tatu na dakika 20, wamefika 1,024. Saa kumi, ukihesabu bila kupunguza, wamepita bilioni moja. Ndani ya kuku mambo hayaendi kwa wepesi huo, kwa sababu chakula ni cha kugombea na mwili unapigana. Lakini ona picha yenyewe: vizazi 30 vya bakteria vinaweza kupita kati ya jua kuchwa na jogoo kuwika. Mwewe kufikisha vizazi 30 anahitaji miaka zaidi ya 60.

Ndiyo maana hasara zao hazifanani. Mwewe ni mwizi: anachukua kifaranga mmoja, anaondoka, akishiba hana haja na wa pili. Bakteria ni mpangaji anayeingia peke yake na asubuhi nyumba nzima imejaa ukoo wake. Kifaranga aliyechukuliwa na mwewe hamwambukizi mwenzake. Kifaranga anayeharisha salmonela anachafua maji, chakula, matandiko, na wote walio naye.

Sasa kuna jambo linaloshangaza zaidi. Salmonela wengi wana nyuzi za kuogelea, wanajisukuma kwenye majimaji. Huyu wa mharo mweupe hana. Hawezi kujisogeza hata kidogo. Haendi kumwinda kuku, anangoja adonolewe. Akishamezwa, ana vifaa vya kupenyeza protini zake ndani ya seli za utumbo na kujifungulia mlango. Halafu anafanya jambo ambalo mwewe hana namna ya kulifanya: zile seli za ulinzi zinazozunguka mwilini zikimeza wavamizi, yeye anakubali kumezwa, kisha anakaa humohumo ndani ya mlinzi akiwa hai. Katika kuku aliyepona anaweza kukaa kwenye bandama kwa miezi, kimya kabisa. Tetea anapofikia umri wa kutaga, bakteria hao wanaongezeka na kushuka hadi kwenye ovari. Kutoka pale wanaingia kwenye yai.

Rudia hiyo sentensi ya mwisho, kwa sababu ndiyo jibu la swali lako. Wavu wako umezuia mwewe vizuri kabisa. Haukuweza kuzuia adui ambaye yumkini alishakuwa ndani ya yai kabla kuku hajalala kuatamia. Na unaposema kuku wakubwa wako salama, mimi nasikia kitu kingine: huenda mmoja kati yao, mzima wa kutazamwa, anayekula na kutaga, ndiye aliyebeba ugonjwa. Kama uliwagawia kuku watatu mayai yaliyochanganywa, mtetea mmoja tu angetosha kuharibu vifaranga wa wote watatu. Kifaranga mwenye maambukizi anapototolewa, manyoya yake yakikauka na kupeperuka, vumbi lile linawaingia wenzake.

Tuje kwenye dawa ya Jumatatu. Najua wanaoiuza hawana nia mbaya, na najua kwa nini wafugaji wanaipenda: unga ni bei nafuu, na mtu anajisikia amefanya kitu. Lakini neno kinga hapa si sahihi. Chanjo ndiyo kinga, huufundisha mwili. Antibayotiki haifundishi mwili chochote. Inaua au inazuia bakteria waliopo siku ile, basi.

Na haiwaui wote. Bakteria anapogawanyika ananakili jeni zake zote, na kunakili hukosewa mara mojamoja, takriban kosa moja katika kila migawanyiko elfu moja. Linaonekana jambo dogo. Kwenye bakteria bilioni moja, hayo ni makosa kama milioni moja yaliyosambaa. Mengi hayana maana, mengine humdhuru mwenyewe, ila akitokea mmoja ambaye kosa lake linamfanya avumilie dawa, Jumatatu yako inawaondoa wapinzani wake na kumwachia uwanja. Ukiirudia kila wiki kwa kipimo cha kukisia ndani ya ndoo, unachofanya ni kuwachuja: wanyonge wanakufa, sugu wanabaki kuzaa.

Tena bakteria hategemei kosa lake mwenyewe tu. Ana uwezo wa kupokea kipande cha jeni kutoka kwa bakteria mwingine, hata wa aina tofauti, kikiwa na maelekezo ya kuishinda dawa fulani. Mwewe hawezi kumgawia kunguru kucha zake. Bakteria wa kawaida wa utumbo wa kuku anaweza kumgawia salmonela usugu wake mchana mmoja. Oksitetrasaiklini, ambayo nadhani ndiyo uliyouziwa, ni miongoni mwa dawa ambazo usugu wake umeenea sana kwa bakteria wa kuku, na umeenea hivyo kwa sababu ya Jumatatu za namna hii.

Kuna hasara ya pili ambayo dukani hawakukuambia. Utumbo wa kuku mwenye afya umejaa bakteria wasio na madhara, na hao ndio wanaomnyima salmonela nafasi na chakula. Mwaka 1954 watafiti wa Marekani waliwapa panya antibayotiki ya streptomaisini kisha wakawaambukiza salmonela. Panya wasiopewa dawa, ili nusu yao waambukizwe, walihitaji bakteria kama laki moja. Kwa waliopewa dawa, bakteria waliohitajika hawakufika hata kumi. Mwaka 1973 huko Finland, Nurmi na mwenzake Rantala walifanya kinyume chake: waliwapa vifaranga bakteria kutoka kwenye utumbo wa kuku wakubwa wenye afya, na vifaranga wakawa wagumu kuambukizwa salmonela. Kifaranga wa kienyeji anayelelewa na mama yake hupata urithi huo bure, kwa kudonoa pale mama anapokanyaga. Unga wa Jumatatu kwa walio wazima unaufuta urithi huo. (Na hapa mama akiwa ndiye mbeba ugonjwa, urithi unakuja na balaa, ndiyo sababu suala la wazazi ni zito kuliko la dawa.)

Niongeze jambo moja kwa ajili ya mwanao, kwa sababu ameanza kupenda mambo haya. Miongoni mwa bakteria wenyewe wamo wawindaji. Yupo anayeitwa Bdellovibrio, aliyegunduliwa na Mjerumani Heinz Stolp mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika udongo. Ni mdogo kuliko salmonela, anaogelea kwa kasi kubwa mno kwa umbo lake, anamgonga bakteria mwingine, anatoboa ukuta wake, anaingia, anaziba nyuma yake na kumla kutokea ndani. Baada ya saa tatu au nne anajigawa kuwa kadhaa, wanapasua ganda la marehemu na kwenda kutafuta wengine. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio ambalo waliwanywesha vifaranga bakteria huyo, na idadi ya salmonela tumboni ikapungua bila vifaranga kudhurika. Si dawa ya kununua dukani, usimtafute. Lakini akiulizwa kama bakteria anaweza kulinganishwa na ndege mwindaji, kijana ana jibu zuri la kumpa mwalimu wake.

Sasa mwewe na lawama za kuleta ugonjwa. Umeuliza swali la maana, ila mwelekeo wake naugeuza. Mwewe mwenyewe, tumbo lake lina tindikali kali inayomwezesha kula mizoga. Anaweza kudondosha kipande cha mzoga uani kwako, hilo linawezekana. Lakini kwa mharo mweupe njia kuu ni yai, na baada ya hapo ni mavi, maji, viatu na kuku wapya. Tazama badala yake kinachofanyika jalalani: bakteria anaua kuku, jirani anatupa mzoga, mwewe anajifunza kwamba mtaa huu una chakula, kisha anaona na vifaranga. Yaani ugonjwa ndio unaomwita mwewe. Zungumza na jirani kwa upole, kuku waliokufa wachomwe au wafukiwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Mtapunguza adui wote wawili kwa shimo moja.

Na tafadhali, asije mtu kukushauri umtegee mwewe nyama yenye sumu. Sumu hiyo italiwa na mbwa, na tumbusi, pengine na mtoto. Mwewe huyohuyo sehemu kubwa ya mlo wake ni panya, mijusi, kumbikumbi na mizoga. Kwake yeye wavu unatosha, pamoja na vichaka au kivuli cha kukimbilia vifaranga wanapotoka nje wakiwa wamekua kidogo. Vitu vya kung'aa vinavyoning'inizwa husaidia siku za mwanzo, baadaye anavizoea. Na ukikuta vifaranga wamepotea usiku, usimhesabie mwewe, yeye huwinda mchana. Mtafute kicheche, paka au panya.

Kabla ya kukupa njia za kufuata, niseme jambo ambalo linaokoa kuku wengi kuliko yote niliyokwisha kusema. Kideri, ambacho wengine mnakiita mdondo, si bakteria. Ni kirusi, na antibayotiki haimgusi kabisa. Sidhani kwamba ndicho kilichokukuta, kwa kuwa kideri kingewafagia na wakubwa, na ungeona shingo kupinda na mharo wa kijani. Lakini kama kuku wako hawajachanjwa, zile fedha za unga wa Jumatatu zinunulie chanjo ya kideri. Chanjo ya I-2 inavumilia joto kuliko za zamani, ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Vivyo hivyo kuhara damu kwa vifaranga mara nyingi ni koksidia, kimelea ambaye si bakteria wala kirusi, naye ana dawa zake mwenyewe. Hii ndiyo taabu ya kutibu kwa kukisia: mharo ni mmoja kwa macho, maadui ni tofauti.

Ukithibitishiwa kwamba ni salmonela, una njia tatu, na hakuna isiyo na gharama.

Ya kwanza ni kuwatibu vifaranga waliobaki kwa antibayotiki ambayo maabara imeonyesha inamuua bakteria huyo, kwa kipimo na siku kamili, chini ya maelekezo ya daktari wa mifugo. Vifo vitapungua. Lakini nikuambie ukweli: dawa haiwatakasi. Watakaopona wengi watabaki wabebaji, na ukiwafanya wazazi utarudi hapahapa msimu ujao. Wanafaa kukuzwa kwa ajili ya nyama, si kwa kutotoa, na lazima uheshimu muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti ya dawa kabla ya kula nyama au mayai.

Ya pili ni kupima wazazi. Kuna kipimo cha tone la damu linalochanganywa na dawa maalum juu ya kibao, na majibu yanaonekana ndani ya dakika chache. Anayeonyesha maambukizi anaondolewa, kipimo kinarudiwa baada ya wiki kadhaa hadi wote watoke salama. Marekani walianzisha mpango wa kitaifa wa namna hii mwaka 1935, na ndio ulioutokomeza mharo mweupe kwenye mashamba yao makubwa ya biashara. Hawakuushinda kwa kuwanywesha kuku dawa. Waliushinda kwa kuchagua wazazi. Kwa mtu mwenye kuku wachache kama wewe, mimi naiona njia hii ndiyo bora, ilimradi upate afisa mifugo mwenye kile kipimo.

Ya tatu ni kuanza upya: kuondoa kundi lote, kusafisha banda, kuliacha wazi muda, na kununua vifaranga kutoka kwa mtotoleshaji ambaye wazazi wake wanapimwa. Ni chungu, hasa kama una mbegu ya kienyeji uliyoitunza miaka mingi. Nisingekushauri uiendee kabla ya kupima. Na kwa njia yoyote kati ya hizi, usiwapeleke wanaoshukiwa mnadani wakiwa hai. Utakuwa umemuuzia mwenzio ugonjwa, na huenda ukarudi kwako kupitia kwa jogoo wa kukopeshana.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami nasema kamba hiyo iwe ndefu: kuku mpya akae peke yake wiki tatu hadi nne kabla ya kuchanganyika na wako. Matandiko yabadilishwe, maranda mabichi yenye unyevu yatolewe. Chombo cha maji kiinuliwe ili kisinyewe ndani. Mayai ya kuatamisha yachukuliwe yakiwa safi, yenye kinyesi yasitumike. Na kwa wiki mbili za mwanzo upande wa upepo wa banda uzibwe kwa gunia. Ni kazi ya nusu saa, na inaweza kuokoa kifaranga ambaye bakteria angemkuta ameshadhoofishwa na baridi.

Sasa mambo ambayo mimi siwezi kukufanyia kwa maandishi. Mpigie afisa mifugo wa kata yako wiki hii, usingoje wafe zaidi. Mwambie umri wa waliokufa, chanjo walizopata, na kwamba umeshatumia antibayotiki, kwa maana hilo linaweza kuficha bakteria kwenye vipimo. Kifaranga anayefaa kupelekwa maabara ni aliyekufa saa chache zilizopita, au bora zaidi wawili watatu wanaoumwa wangali hai. Mzoga ufungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki, uwekwe juu ya barafu bila kugandishwa. Ofisi ya mifugo ya halmashauri itakuelekeza kituo cha karibu cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Omba wafanye pia kipimo cha kuona dawa ipi bado inamuua.

Ukiona kuku wakubwa wanaanza kufa kwa mkupuo, hata kama ni wawili kwa siku moja, hiyo ni dharura. Toa taarifa siku hiyohiyo, na usichinje wala kugawa nyama yao.

Kuhusu watu wa nyumbani: salmonela huyu wa mharo mweupe amezoea kuku na ni nadra kumwuguza mtu. Taifodi ya watu nayo ina bakteria wake tofauti, haitoki kwa kuku. Lakini kuku hubeba salmonela wa aina nyingine wanaowaharisha binadamu vibaya, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika vifaranga, na mayai yapikwe yakakauka kiini. Mtoto mdogo, mjamzito au mzee akipata homa na kuharisha ndani ya kipindi hiki, aende kituo cha afya na aseme nyumbani kuna kuku wanaoumwa.

Hadi majibu yatoke, mayai ya hao kuku watatu usiyaatamishe. Yapikeni mle, ila kama nao walikunywa dawa ya Jumatatu, ngojeni kwanza muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti uishe.